Msongo wa mawazo, njia za kuupunguza

Msongo wa mawazo ni hali ya mwili na akili kujiweka tayari kukabili jambo linaloonekana kumzidi mtu nguvu: ada ya shule isiyotimia, mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, kazi isiyo na uhakika. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, sukari hupanda katika damu. Mtaalamu wa Marekani Walter Cannon aliieleza hali hii mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Humfaa anayefukuzwa na mbwa mkali, kwa sababu mbwa akishapita mwili hutulia. Deni la kodi ya nyumba halipiti hivyo. Tahadhari ikidumu wiki nenda wiki rudi, usingizi hupotea, kichwa huuma, shinikizo la damu huweza kupanda, na hasira huwashukia watoto wasio na kosa.

Kumwambia mtu wa namna hii "usiwaze sana" hakumsaidii kitu. Mwili ndio wa kuanza nao, na mlango ulio karibu zaidi ni pumzi. Hakuna awezaye kuuamuru moyo upunguze mbio, lakini pumzi anaitawala, na kila anapoitoa, neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo. Mtu akae, aweke kiganja juu ya tumbo, avute hewa puani kwa hesabu ya nne mpaka kiganja kiinuke, kisha aitoe polepole kwa hesabu ya sita. Hesabu ikienda kwa sekunde, hizo ni pumzi sita kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Dakika tano zinatosha, hata ndani ya daladala kwenye foleni. Akisikia kizunguzungu, anavuta hewa nyingi mno. Kinachotakiwa ni upole, si kujaza kifua.

Kutembea kwa miguu husaidia pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kahawa ya jioni iachwe, kwani kafeini hubaki mwilini kwa saa nyingi. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huukatakata usiku wa manane. Anayeinywa ili asahau huamka na shida zile zile na mwili uliochoka.

Msaada mkubwa kuliko yote hayo, hata hivyo, ni mtu wa kumsikiliza. Barazani upweke hupungua, lakini siri haisemwi mbele ya kadamnasi. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, mpango wa Benchi la Urafiki: kina bibi wa mtaani waliopewa mafunzo huketi na mgonjwa mmoja mmoja kwenye benchi katika viwanja vya zahanati. Bibi husikiliza kwanza. Mgonjwa hutaja yote yanayomlemea, kisha huchagua moja tu, na kwa pamoja hupanga hatua ndogo inayowezekana. Akirudi, huulizwa ilikuwaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida, na kwa chini ya asilimia 14 ya waliokaa na kina bibi.

Asiye na benchi anaweza kuanza na karatasi: aorodheshe yanayomsumbua, achague moja, aandike la kufanya kesho, kisha amsomee mtu anayemwamini. Deni halitalipika kwa kuvuta pumzi, na si haki kumlaumu mwenye njaa kwamba hajui kutulia. Huzuni ikizidi wiki mbili, au mawazo ya kujiua yakija, aende hospitali siku hiyo hiyo, asiende peke yake.