Picha Iliyomo Kichwani mwa Msimamizi

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tukumbuke habari ya karanga za Kongwa, kwani mna somo ndani yake kwa kila aliyekabidhiwa mali ya wengine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 wajumbe watatu walizunguka Afrika kwa majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947.

Wakuu wa kazi ile hawakuwa wajinga. Walakini vita vilikuwa vimewaachia picha moja vichwani, ya kwamba mitambo, fedha na amri hushinda kila kizuizi. Kwa sababu ya picha hiyo hawakuona haja ya kujaribu kwanza katika shamba dogo. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walipanda mtama na uwele na kufuga ng'ombe, maana waliijua mvua yao. Maarifa hayo hayakutiwa katika hesabu.

Kiangazi kilipofika, udongo ulikauka ukawa mgumu mno, na mizizi ikavunja majembe ya trekta. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Wakuu walijifunza mengi juu ya trekta, vipuri na kung'oa visiki, lakini yote hayo yalikuwa ndani ya picha ile ile. Swali la kama Kongwa panafaa karanga lilichelewa kupata jibu. Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zikapotea. Baadaye sehemu ya nchi ile ilifanywa malisho ya ng'ombe, kazi waliyoijua Wagogo tangu zamani.

Sisi nasi tunazo picha zetu. Mazao yakipungua ghalani, tu wepesi kusema wanachama ni wavivu. Kumbe huenda ni mzani, au malipo yaliyochelewa, ndiyo yanayowafukuza. Basi kila kamati na iandike kabla ya msimu inatazamia nini, na kwa sababu gani. Msimu ukiisha, maandiko hayo yasomwe mbele ya mkutano, na mkulima apewe nafasi ya kuyajibu.

Fedha za Kongwa zilikuwa za Serikali kubwa. Zetu ni jasho la mkulima, na zikipotea hakuna wa kuzirudisha.