Mzio wa krimu za mikono zenye manukato: dalili zake na namna ya kuuepuka

Mtu anayenawa mikono mara ishirini kwa siku, awe muuguzi, mpishi, msusi au mwosha vyombo hotelini, hana budi kupaka kitu kitakachorejesha mafuta yaliyoondolewa na sabuni. Krimu ya mikono ndiyo kinga yake ya kwanza. Hata hivyo, krimu nyingi zinazouzwa madukani, iwe Kampala, Kigali, Bujumbura au Mwanza, zimetiwa manukato, na manukato ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya mzio wa ngozi vinavyofahamika na madaktari duniani. Hapo ndipo tiba inapogeuka kuwa maradhi: mikono ikikauka na kuwasha, mwenyewe huongeza krimu ileile, na kadiri anavyoiongeza ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya.

Kinachowapoteza wengi ni muda. Mzio wa karanga au wa kuumwa na nyuki hujitokeza ndani ya dakika chache, kwa hiyo chanzo chake hujulikana mara moja. Mzio wa ngozi utokanao na kugusa kitu huenda polepole. Chembe ndogo za manukato hupenya tabaka la juu la ngozi, hushikamana na protini za mwili, na kinga ya mwili hujifunza kuziona kuwa ni adui. Mafunzo hayo huchukua takriban wiki mbili bila dalili yoyote. Baada ya hapo, chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T hubaki na kumbukumbu, na kila zinapokutana tena na kemikali hiyo huamsha uvimbe, kwa kawaida kati ya saa 24 na 72 baada ya kupaka. Krimu iliyopakwa Jumatatu inaweza kuleta mwasho Jumatano, siku ambayo mtu amekula samaki au amebadilisha sabuni ya kufulia, na lawama ikaangukia kisichohusika.

Jambo la pili linalopotosha ni mazoea. Mgonjwa humwambia daktari kwamba krimu anayoitumia haiwezi kuwa chanzo kwa kuwa ameitumia miaka mitano bila tatizo. Hoja hiyo haina nguvu. Mzio unaweza kuanza wakati wowote, baada ya siku chache au baada ya miaka mingi, hasa ngozi inapokuwa imepasuka na kuruhusu kemikali kupenya kwa urahisi. Ukishaanza, kwa kawaida haumwachi mtu maisha yake yote.

Dalili za mwanzo ni mwasho, vipele vidogo na ukavu, mara nyingi mgongoni mwa kiganja, katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Hali ikiwa kali hutokea malengelenge yanayotoa majimaji, na ikidumu, ngozi huwa nene na kupasuka. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husisitiza wekundu kama dalili kuu, nao wekundu huo haujitokezi wazi kwenye ngozi nyeusi. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki na Kati, sehemu iliyoathirika huonekana ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi zaidi kuliko ngozi inayoizunguka, na vipele huhisiwa kwa kidole kabla ya kuonekana kwa jicho. Mwasho ukiisha huacha mabaka meusi ambayo yanaweza kukaa miezi kadhaa. Mabaka hayo si ushahidi kwamba mzio unaendelea, lakini huwasukuma baadhi ya watu kwenye krimu za kung'arisha ngozi, jambo ambalo huongeza madhara.

Dalili moja inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, nayo ni kope. Ngozi ya kope ni nyembamba mno, na mikono hugusa uso mara nyingi bila mtu kujitambua. Inawezekana krimu ya mikono ikasababisha kope kuvimba na kuwasha ilhali viganja vyenyewe, ambavyo ngozi yake ni nene, havijaonyesha kitu. Mtu mwenye kope zinazowasha kila mara na asiyepaka chochote usoni anapaswa kuchunguza anachopaka mikononi, na hata shingoni.

Si kila mwasho wa mikono ni mzio. Ulio wa kawaida zaidi ni muwasho wa kuchoshwa kwa ngozi na maji, sabuni na dawa za kusafishia. Huo hauhitaji kinga ya mwili kukasirika, na humpata yeyote anayelowesha mikono mno. Yote mawili huweza kuwa kwa mtu mmoja, tena la kwanza hufungua mlango wa la pili. Upele unaosababishwa na utitiri nao hushika katikati ya vidole, lakini huwasha zaidi usiku na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Fangasi wa mikono hupenda kushika mkono mmoja, mara nyingi pamoja na miguu yote miwili. Tofauti hizi ni muhimu kwa sababu tiba zake hazifanani.

Kuna imani iliyoenea kwamba manukato ya kiwandani ndiyo yenye hatari na ya asili ni salama. Ngozi haijali tofauti hiyo. Mafuta ya karafuu, zao lililoipa Zanzibar jina duniani, kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo eugenoli, nayo imo katika orodha ya vitu vinane vya mchanganyiko wa kwanza wa manukato ambao madaktari wa ngozi hutumia kupima mzio. Wamo pia kemikali mbili za mdalasini, na geranioli inayopatikana katika mafuta ya waridi. Mafuta ya langilangi, ua linalopendwa na akina mama wa pwani na ambalo mafuta yake huzalishwa kwa wingi Visiwa vya Komoro, nayo yanafahamika kuleta mzio. Mtu aliyeacha krimu ya dukani akahamia mafuta yaliyochanganywa na karafuu nyumbani huenda ametoka kwa adui mmoja na kurudi kwake kwa njia nyingine.

Baadhi ya manukato huwa hatari zaidi yanapozeeka. Limoneni, iliyomo kwenye maganda ya machungwa na ndimu, na linaloli, iliyomo kwenye lavenda, zikiwa mpya huleta mzio kwa nadra. Zikikutana na hewa hubadilika polepole kuwa kemikali nyingine zenye uwezo mkubwa wa kuamsha kinga ya mwili. Kopo lililoachwa wazi dirishani kwa mwaka mzima, lenye harufu iliyobadilika, halifai hata kwa mtu asiye na mzio. Kwa msingi huo, kopo dogo linalomalizika mapema ni bora kuliko lile kubwa la bei nafuu.

Ukubwa wa tatizo unajulikana zaidi Ulaya, ambako inakadiriwa kwamba mtu 1 hadi 3 kati ya 100 ana mzio wa manukato. Mwaka 2012 kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilitaja vitu 82 vilivyothibitishwa kuleta mzio kwa binadamu: kemikali 54 na mafuta au dondoo za mimea 28. Kemikali moja iliyotumika sana, inayojulikana kwa jina la biashara la Lyral, ilipigwa marufuku, na tangu Agosti 2021 bidhaa zenye kemikali hiyo haziruhusiwi kuuzwa katika nchi za umoja huo. Kanuni mpya ya mwaka 2023 imeongeza idadi ya manukato ambayo lazima yatajwe kwa majina kwenye kifungashio, kutoka 26 ya awali hadi zaidi ya 80, na bidhaa mpya zinatakiwa kuifuata kuanzia mwishoni mwa Julai 2026. Kwa krimu inayobaki mwilini, jina lazima litajwe endapo kiasi kinazidi asilimia 0.001. Kwa kuwa makopo mengi yanayouzwa Afrika Mashariki hutoka Ulaya au huiga mtindo wake, mnunuzi wa huku anaweza kunufaika na majina hayo akijua mahali pa kuyatazama.

Mahali penyewe ni orodha ya viambato, iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo. Neno la kutafuta ni "Parfum" au "Fragrance". Neno hilo moja linaweza kuficha makumi ya kemikali. Baada yake, aghalabu mwishoni mwa orodha, hufuata majina kama Linalool, Limonene, Eugenol, Geraniol na Citronellol. Maneno makubwa yaliyo mbele ya kopo hayategemeki kwa kiasi hicho. "Unscented" maana yake ni kwamba krimu hainuki, na huenda imetiwa manukato ya kufunika harufu ya viambato vingine. Yanayotafutwa ni maneno "fragrance-free" au, kwa bidhaa zenye maandishi ya Kifaransa, "sans parfum", na hata hayo yathibitishwe kwenye orodha. Neno "hypoallergenic" ni dhaifu zaidi. Nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilijaribu kuliwekea masharti mwaka 1975, mahakama ya rufaa ikayabatilisha mwaka 1977, na hadi leo kila kampuni nchini humo hulitumia kwa maana inayoitaka. Krimu za kupimiwa sokoni kutoka ndoo kubwa hazina orodha yoyote, na kwa mtu mwenye mzio hilo linatosha kuziacha.

Hata pale palipoandikwa kwamba hakuna manukato, mkosaji mwingine anaweza kuwemo, nacho ni kihifadhi. Methylisothiazolinone ilisababisha wimbi la mzio Ulaya kiasi kwamba tangu Februari 2017 hairuhusiwi huko katika krimu zinazobaki mwilini.

Anayetaka kujaribu krimu mpya anaweza kupaka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, mahali palepale, kwa siku 7 hadi 14. Kupaka mara moja na kutazama baada ya saa moja hakuonyeshi lolote, kwa sababu ya ule ucheleweshaji wa siku mbili. Jaribio hili halifai kwenye ngozi yenye kidonda, wala kwa mtu aliyewahi kuvimba vibaya.

Kipimo cha hospitali ni kile cha viraka, ambacho msingi wake uliwekwa na daktari Mjerumani Josef Jadassohn mwaka 1895. Vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48, mgongo usiloweshwe, kisha daktari husoma matokeo siku hiyo na tena siku moja au mbili baadaye. Madaktari wa ngozi ni wachache katika eneo hili. Wengi wao wamefunzwa katika kituo cha kikanda kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992. Anayekwenda kuwaona achukue makopo yote anayoyatumia, ikiwemo sabuni na marashi, kwani jina la krimu pekee halimsaidii daktari kama orodha ya viambato.

Tiba huanza kwa kuacha. Manukato yote yanayogusa ngozi husimamishwa kwa wiki kadhaa, mikono huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kupakwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Hapa tahadhari inahitajika, kwa kuwa mafuta mengi ya mgando ya watoto wachanga yametiwa manukato. Mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda, yakiwa hayajachanganywa na kitu, ni chaguo jingine zuri. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kupaka yenye steroidi kwa siku maalumu. Kununua dawa hiyo kiholela ni hatari: krimu kadhaa za kujichubua zinazouzwa kwa magendo zina klobetasoli, steroidi kali inayotuliza mwasho haraka, ikiwafanya watu waamini wamepona, kisha mwasho hurudi kwa nguvu inapoachwa, na ngozi huwa imekonda.

Kwa wale ambao kazi yao ni ya maji, glavu husaidia iwapo ndani yake kuna glavu nyembamba za pamba za kunyonya jasho. Krimu yenye manukato isipakwe kamwe kabla ya kuvaa glavu, kwa kuwa joto na jasho huisukuma ndani zaidi ya ngozi. Na kwa asiyeweza kuishi bila marashi, nguo ya juu ni mahali pake pazuri kuliko mkono, mradi mzio wake si ule unaoamshwa hata na mguso wa kitambaa.