Prototaipu: kiolezo au egemeo?

Fundi cherehani akishakata kitambaa kwa kufuata kiolezo, kiolezo hurudi kuning'inia ukutani. Kikichanika kesho, shati la jana halina habari. Basi neno kiolezo, ambalo ndilo humjia mtu upesi anapotaka kutafsiri prototaipu, linampotosha mwanafunzi wa JavaScript.

Brendan Eich alipoiandika lugha hiyo kwa siku 10 huko Netscape, Mei 1995, wazo la prototaipu alilitoa katika lugha iitwayo Self. Katika JavaScript kitu hakinakili prototaipu yake. Kitu kikiulizwa sifa kisiyokuwa nayo, huiuliza prototaipu yake. Nayo ikikosa huuliza ya kwake, hadi mnyororo uishie kwenye null. Kitu kimeegemea. Kwa hiyo mimi husema egemeo. Konstrakta, yenye kazi ya kuunda vitu hivyo, haina taabu: ni kiundaji, kwa kitenzi kilekile cha waunda majahazi.

Chukua kiundaji Daladala. Kinazaliwa na sifa iitwayo prototype, na hapa ndipo wengi hupotea, maana hilo si egemeo la kiundaji chenyewe. Ni egemeo waliloandaliwa watoto watakaokuja. Nikiandika new Daladala, gari jipya linatokea, linaegemezwa hapo, kisha kiundaji kinalipa njia yake: hili la Mbagala, lile la Posta. Saa nzima baadaye nikiongeza simama ndani ya Daladala.prototype, magari yote mawili yanajua kusimama papo hapo. Shati gani liliwahi kuota mfuko likiwa kabatini, eti kwa sababu fundi amerekebisha kiolezo?

Egemeo nalo lina sifa constructor, inayoelekeza kwa kiundaji. Ukiliuliza gari constructor yake litajibu Daladala, ingawa jibu hilo limeliazima kwa egemeo. (Neno class, lililoingia mwaka 2015, limevalisha haya yote kanzu mpya, ndani mambo ni yaleyale.)

Siku moja, badala ya kuongeza sifa moja moja, niliweka egemeo jipya zima, kitu cha kawaida tu ndani ya mabano. Magari mapya yakaanza kusema constructor yao ni Object. La Mbagala lilibaki kwenye egemeo lake la zamani, likisimama vizuri kama jana. Nikauliza kwa instanceof kama hilo ni Daladala. Jibu: false. Kiundaji kilikuwa kimemkana mtoto wake wa kwanza.