Mtafiti akisema "tumefikia lengo", ana maana gani?

Kwenye geti la kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali utakuta bango la dira na dhima. Ukiingia ndani siku ya wakulima, utasikia wadau, mpango mkakati, viashiria, kujengewa uwezo na mnyororo wa thamani. Wasikilizaji hutuuliza maana ya maneno haya, na tunakiri kuwa hata sisi redioni tumeyarudia mara nyingi bila kuyafafanua.

Hayakutoka shambani, yalitoka ofisini. Hapa Tanzania, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ina vituo kama Ukiriguru, Naliendele na Uyole. Watafiti wake ni watumishi wa umma, nao hupimwa kama watumishi wengine. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa OPRAS, ambayo kwa Kiswahili ilifupishwa MWAMTUKA: mwezi Julai, mwaka wa fedha unapoanza, mtumishi anakubaliana malengo na msimamizi wake, na Juni anapimwa. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta, kwa mfumo wa PEPMIS, lakini mwaka ni uleule.

Muhogo haufuati mwaka wa fedha. Kupata aina inayostahimili batobato na michirizi kahawia huanza kwa kuchavusha maua, kisha kuchagua miche, kuipanda sehemu mbalimbali msimu baada ya msimu, na mwisho kuipeleka ikaguliwe na kuidhinishwa. Kazi hiyo huchukua miaka minane hadi kumi hivi. Hata baada ya hapo, shina moja hutoa pingili chache tu, kwa hiyo kuzalisha za kutosha wilaya nzima ni safari nyingine.

Lakini kila Juni mtafiti lazima aandike kitu. Kinachohesabika haraka ni semina, vipeperushi na majina ya waliohudhuria. Kiashiria ni hicho kitu kinachohesabiwa ili kujua kama lengo limefikiwa. Kama kiashiria ni idadi ya wakulima waliofundishwa, lengo laweza kufikiwa kwa asilimia mia moja huku kijijini kwako hakuna pingili hata moja ya aina mpya. Aliyesema "tumefikia lengo" hajakudanganya. Wala hatusemi malengo yafutwe, maana fedha ni za umma na kiongozi wa kituo anapaswa kuzitolea hesabu.

Kujengewa uwezo, mara nyingi, ni semina. Mdau ni mtu yeyote anayeguswa na jambo, kuanzia waziri hadi wewe mwenye ekari mbili, na ndiyo maana neno hilo hutupa shida: ukiambiwa "wadau wameafikiana", hujui nani aliamua. Uliza kama kulikuwa na mkulima kikaoni.

Kuna pia utaratibu wa nani aseme. Mtafiti wa ngazi ya chini kwa kawaida haongei na vyombo vya habari bila kibali cha mkuu wake. Tukifika na kinasa sauti, anayezungumza huwa ni kiongozi, tena kwa lugha ya ripoti. Aliyeshinda juani kwenye vitalu amesimama nyuma. Tukishazima, ndipo hutusogelea na kutueleza ni miche gani ilikufa, na kwa nini.

Kwa hiyo ukikutana nao kwenye maonesho au mkutano wa kijiji, uliza mambo yenye jibu moja. Aina hii inaitwaje? Imeshaidhinishwa, au bado iko kwenye majaribio? Pingili au mbegu zake ziko wapi msimu huu, na kwa bei gani? Unaweza pia kuomba kuona Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Ni waraka ambao taasisi za umma huandaa kueleza huduma wanazotoa, muda wa kuzitoa, na mahali pa kupeleka malalamiko.