Sykes (jina la ukoo)

Sykes ni jina la ukoo lenye asili ya Uingereza ambalo nchini Tanzania hubebwa hasa na ukoo mmoja wa Dar es Salaam. Wakazi wa jiji hulitamka Saiksi. Ukoo huo hautokani na familia ya Kiingereza, bali na Sykes Mbuwane, askari kutoka Inhambane, Msumbiji, aliyeletwa pwani ya Tanganyika na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Ni jina adimu nchini, lakini linafahamika sana kwa sababu wajukuu na vitukuu wa askari huyo walijitokeza katika siasa, biashara, utawala wa jiji na muziki.

Asili na maana

Kwa Waingereza, Sykes ni jina la mahali. Limetokana na neno la kale la lugha za kaskazini mwa Ulaya lenye maana ya kijito au mfereji wa maji katika ardhi chepechepe, ambao mara nyingi ulikuwa mpaka wa mashamba. Aliyeishi kando ya kijito cha namna hiyo aliitwa kwa jina hilo, na watoto wake wakalirithi. Kitovu chake ni jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza.

Mwaka 2000, Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha utafiti wa kromosomu Y za wanaume 48 wenye jina hilo. Karibu nusu yao walikuwa na alama zilezile za urithi, ishara kwamba huenda wote wanatokana na babu mmoja. Mwingine aliyelibeba ni Kanali William Henry Sykes, aliyeandika maelezo ya kitaalamu kuhusu kima mwaka 1831. Ndiyo maana kima wa Unguja na wa misitu ya pwani huitwa kima wa Sykes katika vitabu vya wanyama. Ukoo wa Dar es Salaam hauhusiani na mnyama huyo.

Kuja pwani ya Tanganyika

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuzima vita vya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Jeshi lake lilikuwa na Wasudani walioandikishwa Misri na mamia ya vijana kutoka kusini mwa Msumbiji, ambao watu wa pwani waliwaita Wazulu, ingawa wengi wao walikuwa Washangaan. Sykes Mbuwane alikuwa mmoja wao. Baada ya Abushiri kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, askari hao hawakurudi kwao. Walioa, wakazaa, wakatumwa katika vita vingine vya bara. Mwana wa Sykes, Kleist, alizaliwa Pangani mwaka 1894. Sykes mwenyewe alikufa maji alipokuwa akitoka katika vita dhidi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Kleist alilelewa na mwenzi wa baba yake jeshini, Effendi Plantan, na kwa muda mrefu alijulikana kama Kleist Plantan. Baadaye alirudia jina la baba yake mzazi.

Jina la mtu kuwa jina la ukoo

Katika desturi ya pwani na katika fomu nyingi za serikali, Mtanzania hutajwa kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Utaratibu huo haulazimishi jina la ukoo. Kila kizazi kinapoingia, jina la babu mkuu husogea nje na kupotea. Juma Salum Hamisi akimzaa Ally, mtoto huandikwa Ally Juma Salum, na Hamisi haonekani tena.

Kwa ukoo huu mambo yalikwenda hivyo kwa vizazi vitatu tu. Kleist Sykes maana yake ilikuwa Kleist mtoto wa Sykes. Wanawe walikuwa Abdulwahid Kleist Sykes, Ally Kleist Sykes na Abbas Kleist Sykes: mtoto, baba, babu, sawasawa na desturi. Mabadiliko yanaonekana kwa mtoto wa Abdulwahid aliyepewa jina la babu yake. Kwa hesabu ya kawaida angekuwa Kleist Abdulwahid Kleist, lakini aliitwa Kleist Sykes. Kuanzia hapo jina la askari wa Inhambane liliacha kuhesabiwa kama la babu, likawa la wote.

Majina ya Kijerumani yaliyoambatana nalo yanaonyesha zama zilezile. Kleist ni jina la ukoo wa makabaila wa Ujerumani. Katika familia ya Plantan, aliyelelewa pamoja na Kleist aliitwa Schneider, jina ambalo kwa Kijerumani ni mshona nguo. Watoto wa askari walipewa majina ya aina hiyo na kuongezewa ya Kiislamu, kama Schneider Abdillah Plantan. Plantan nalo limebaki kuwa jina la ukoo mjini, nalo ni adimu vilevile.

Watu mashuhuri

Kleist Sykes (1894–1949) alipigana upande wa Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akafanya kazi Shirika la Reli na kuingia biashara. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929 na katibu wake, na mwaka 1933 alishiriki kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Maisha yake yameandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973.

Abdulwahid Sykes (1924–1968) na mdogo wake Ally Sykes walikwenda Burma na KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Vita vya Pili vya Dunia. Abdulwahid aliongoza TAA (Tanganyika African Association), chama kilichotokana na African Association, hadi tarehe 17 Aprili 1953, Julius Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wa chama hicho katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja. Ndugu hao wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, chama kilichopigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954. Ally alifariki mwaka 2013. Mdogo wao, Abbas Sykes, alikuwa balozi wa Tanzania katika nchi mbalimbali. Mwaka 1998 mwandishi Mohamed Said alichapisha kitabu cha maisha ya Abdulwahid, kilichorudisha jina hilo katika mijadala ya historia ya uhuru.

Kleist Sykes wa pili, mtoto wa Abdulwahid, alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam baada ya Halmashauri ya Jiji kurejeshwa mwaka 2000, wakati jiji lilipogawanywa katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kwa vijana, mwenye jina anayefahamika zaidi ni Dully Sykes, mwanamuziki wa Bongo Fleva, mtoto wa mwanamuziki Ebby Sykes. Dully ni kifupi cha Abdul kwa watoto wa mjini.

Kuenea

Makao ya kwanza ya ukoo mjini yalikuwa Gerezani na Kariakoo, katika Ilala ya leo, wakati ambapo Temeke na Kinondoni zilikuwa mashamba na vijiji vya kando ya mji. Mtaa wa Kipata, Gerezani, sasa unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Nje ya Ilala jina husikika zaidi redioni na katika mazungumzo kuliko katika daftari la shule. Katika orodha ya darasa la Mbagala au la Tandale, mwalimu atakuta akina Juma, Ally na Mwajuma wengi kabla ya kumkuta Sykes mmoja.

Anayetafuta nasaba katika nyaraka za zamani za Dar es Salaam asitafute neno Sykes peke yake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kleist atapatikana kwa jina la Plantan, na baada ya hapo wanawe wanaweza kuwa wameandikwa kwa jina la Kleist tu, kama jina la baba.