Nyoka wa utajiri, kobe wa boksi: yapi ya kweli kuhusu watambaazi nyumbani

Tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wa upande wa bondeni. Jirani yake alirudi kutoka safari na boksi lenye matundu. Watoto waliochungulia wakasema ndani kuna kitu kinatambaa. Tangu siku hiyo watu hawanunui tena kwenye genge la mke wake, maana imeshasambaa kwamba jamaa anafuga nyoka wa utajiri, anatema hela usiku. Msikilizaji akauliza: "Hivi nyoka anaweza kweli kufugwa ndani? Na huyu jirani tumfanyeje?"

Baadaye ilijulikana ndani ya boksi kulikuwa na kobe wawili.

Ukicheka, cheka kidogo. Kwetu Rukwa neno la uchawi si la utani. Jina la Sumbawanga lenyewe wazee hulifafanua kuwa ni "tupa uchawi", na katika nchi yetu watu wamehamishwa vijijini, wengine wameuawa, kwa maneno yaliyoanza kama hayo ya gengeni. Kwa hiyo tumeona tuandike kwa kirefu kidogo kile ambacho muda wa kipindi haukutosha kusema.

Chatu na wazee wetu

Wengi tunadhani kumchukia nyoka ndiyo mila yetu. Si hivyo kabisa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake Man and Beast cha mwaka 1974 kwamba chatu alikuwa na heshima ya pekee kwa Wafipa. Alihusishwa na mizimu ya nchi, hakuwa mnyama wa kupigwa tu fimbo. Mambo kama hayo yapo mbali pia: mji wa Ouidah, nchini Benin, una hekalu la chatu hadi leo, na chatu akiingia ndani ya nyumba ya mtu hubebwa taratibu na kurudishwa.

Wasukuma waliohamia Bonde la Rukwa na mifugo yao nao wana Wayeye, chama cha wacheza nyoka, ambao hucheza ngoma chatu akiwa shingoni. Huko kusini, Liwale na Newala, aliishi Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968. Aliwahi kuwa bwana nyama, akaishia kukamata nyoka kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama, na watu wakamwita Bwana Nyoka. Hakuwa na hirizi. Alikuwa na fimbo ndefu yenye koleo, na uzoefu wa miaka mingi. Hata hivyo aling'atwa mara nyingi.

Hapo ndipo penye kosa la pili, ambalo ni kinyume cha lile la kwanza. Mtu akimwona Myeye na chatu wake anasema nyoka huyo "amefugika", anamjua bwana wake. Nyoka hana mapenzi ya mbwa. Anaweza kuzoea kushikwa asikimbie, basi. Hana masikio ya nje, na anachokipata zaidi ni mtikisiko wa ardhi, kwa hiyo kumwita jina ni kujichosha. Ulimi wake unaocheza mbele si mkuki wala si mwiba, anautumia kuokota harufu hewani. Na chatu hana sumu, lakini huua kwa kubana, na mkubwa huweza kupita mita tano. Humaliza mbuzi. Asiachwe karibu na mtoto hata dakika moja, awe amezoea watu vipi.

Kwa nini anaingia jikoni

Mtambaazi hajitengenezei joto mwilini kama ng'ombe au binadamu. Analitafuta nje: juani, kwenye jiwe, kwenye majivu ya jiko. Sisi wa uwandani tunajua baridi ya Juni na Julai. Chatu akishikwa na baridi hiyo baada ya kumeza, chakula hakisagiki, kinaweza kuozea tumboni au akakitapika. Anayetamani kufuga chatu Sumbawanga mjini angelazimika kumpashia moto mwaka mzima. Ulaya na Marekani ndivyo wanavyofanya: wana vitasa vya kioo na taa za joto, na wengi wao hufuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayesafirishwa kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin. Hakuna hata mmoja aliyetema dola.

Basi nyoka akikutwa jikoni au kwenye ghala la mahindi, hajatumwa. Amefuata joto, na zaidi amefuata panya. Mkulima wa Ufipa anajua panya anavyoweza kula gunia. Nyoka wengi wadogo wa kahawia wanaoonekana ghalani hawana sumu ya kumdhuru mtu, kazi yao ni hao hao panya.

Tanzania ina zaidi ya aina 100 za nyoka. Wanaoweza kumuua mtu ni sehemu ndogo. Wa kuwaogopa kweli ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, mnene, mvivu, analala njiani na hakimbii ukimkaribia, swila, ambaye wengine wa jamii yake hutema sumu machoni, na koboko. Shida ni kwamba kuwatofautisha kunahitaji jicho lililofundishwa. Yupo nyoka mla mayai, karibu hana meno, anayejifanya kifutu kwa rangi na kwa kelele. Kwa hiyo shauri letu si "mshike, hana sumu". Shauri ni umwachie njia, uwaite watoto nyuma, usimkimbize kwa jembe. Watu wengi wanaong'atwa ni wale waliomkanyaga bila kumwona au waliokuwa wakijaribu kumuua.

Na ndumilakuwili? Tunamtumia kumtukana mtu wa maneno mawili, lakini wale nyoka vipofu wanaofukuliwa shambani, ambao mkia wao unafanana na kichwa, wana kichwa kimoja tu. Wanakula mchwa na siafu. Hawang'ati mtu, si mbele wala nyuma.

Kinyonga, mjusi, kenge

Kinyonga ndiye anayeonewa kuliko wote. Nilipokuwa mtoto tuliambiwa ukimgusa ngozi itabadilika rangi, na mama mjamzito akimwona, mtoto atazaliwa na kasoro. Hana sumu katika ngozi wala katika mate. Akikufinya kwa mdomo utashtuka tu. Anabadilika rangi kwa hasira, kwa woga, kwa joto na kwa mwanga, na anashinda akila nzi na panzi.

Mjusi kafiri wa ukutani anakula mbu na wadudu wanaofuata taa. Akitumbukia kwenye mboga, imwage, kwa sababu ana vijidudu miguuni kama mnyama yeyote wa ukutani. Si kwa sababu ya sumu. Kenge anaiba mayai na vifaranga, hilo ni kweli, na mkia wake ni kiboko. Lakini anayeishi kando ya maji hula pia mayai ya mamba, jambo ambalo wavuvi wa Ziwa Rukwa hawana sababu ya kulilalamikia.

Akimng'ata mtu

Hapa ndipo imani potofu inapoua watu moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kung'atwa na nyoka duniani, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na lengo ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Usichanje. Usinyonye kwa mdomo. Usifunge kamba ya kukaza, maana mguu unaweza kufa ukakatwa. Usimwage mafuta ya taa, usitegemee jiwe jeusi. Jiwe hilo limejipatia sifa kwa sababu nyoka wengi hawana sumu kali, na hata mwenye sumu kuna wakati anang'ata bila kuitoa. Mtu huyo angepona hata bila jiwe.

Mtulize mgonjwa, alale au akae. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Funga kiungo kilichong'atwa kwenye kipande cha mti kisitikisike, kama aliyevunjika. Angalia saa, ukumbuke. Mpeleke kituo cha afya upesi, na njiani mtu mmoja apige simu kuuliza kama dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ipo hapo au mwende moja kwa moja hospitali kubwa. Kwa bodaboda, mgonjwa akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma. Asitembee kwa miguu kama kuna namna nyingine yoyote. Swila akitema jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, usisugue, kisha nenda hospitali.

Jirani na kobe wake

Turudi bondeni. Jirani ana kosa, ila si lile analosemwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata wala kukaa na mnyamapori bila kibali. Kobe wa porini, kinyonga na chatu wote wamo. Wengi wanaookota kobe barabarani hawalijui hili. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha pia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, biashara iliyokuwa ikibeba vinyonga na kobe wetu wengi. Anayekuja kijijini kuwaahidi vijana pesa kwa kila kinyonga anawatafutia kesi.

Kobe hana meno wala sumu. Wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hushikwa na wageni kila siku. Aliyemgusa aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu kobe huweza kubeba vijidudu vya kuharisha, basi.

Tulimwambia msikilizaji wetu amshauri jirani awapeleke kobe wale kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mwenyewe kwa hiari yake, akiongozana na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti anahitajika kwa sababu mbili: awe shahidi kwamba hakukamatwa, na aone mwenyewe kilichomo ndani ya boksi, ili akisimama mkutanoni aseme ni kobe. Kuhusu genge, msikilizaji alisema yeye ameshanunua nyanya za mia tano, na hakuna kilichompata.