SAUTI YA GITAA, SEHEMU YA 4: Buibui, Ilimba na Pedali

Vijana wawili wa kwaya wamenifuata inbox wanauliza kwa nini wakikanyaga pedali ya distoshen gitaa linalia kama bati linaloburuzwa. Nitawajibu, ila historia kwanza.

Wengi wanaianzia Nashville, Marekani. Kwenye wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", uliotoka 1961, Grady Martin alipiga besi, kifaa kwenye meza ya kurekodia kikawa kibovu, sauti ikatoka imekwaruza. Wakaiacha hivyo hivyo, na watu wakaipenda. Fundi mitambo Glenn Snoddy akabuni kifaa cha kuuleta ule ubovu kwa makusudi, na 1962 Gibson wakakiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kilidorora sokoni mpaka Keith Richards alipokitumia kwenye "Satisfaction", 1965.

Kinachotokea ni hiki. Umeona mchoro wa ECG, vile vilele vyake? Mkwaruzo ni kuvikata vichwa vilele vya wimbi la sauti. Pale vilipokatwa zinazaliwa sauti ndogo ndogo za juu, na noti inanenepa.

Sasa njoo Ugogoni, kwetu hapa. Shika ilimba, kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma. Angalia matundu yake: yamezibwa na utando mwembamba wa buibui, ule unaofunika mayai. Ukipiga, utando unatetemeka na sauti inavuma kama nyuki. Hakuna umeme hapo, wala pedali. Njia ni nyingine, lakini sikio linatafuta kitu kile kile.

Mzee Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliupeleka mvumo huo duniani. Mwaka 2002 Real World walitoa albamu yake "Assembly", aliyofanya na mpiga gitaa wa Canada, Michael Brook. Gitaa la umeme na muziki wa Kigogo kwenye meza moja! Mzee alifariki mwaka uliofuata, 2003.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu nilikaa studio moja hapa mjini nikamwona fundi akibandika selotepu kwenye matundu ya ilimba, "kuondoa kelele". Mzee mwenye ilimba alinyamaza tu. Sauti ikatoka safi, na imekufa. Dakika tano baadaye fundi yule yule akamwongezea kijana wa gitaa distoshen. Jamani! Mkwaruzo wa dukani ni utaalamu, wa babu ni uchafu?

Haya, vijana wangu. Ampu kwanza iwe safi, besi, midi na trebo vyote katikati. Kanyaga pedali, geini ikiwa chini kabisa. Panda taratibu mpaka noti inenepe, na ukipiga kodi bado usikie kila waya. Ikianza kuwa uji, rudi nyuma. Kama inachoma masikio, punguza tone ya pedali kabla hujagusa ampu. Na masikio hayana spea: desibeli 85 kwa saa nane ndiyo mwisho, zaidi ya hapo pumzika.

Halafu kabla hujarekodi, katafute mzee mwenye ilimba umsikilize. Na umwambie fundi selotepu aiache mfukoni.

Sehemu ya 5 Jumapili. Usiku mwema.